Tupeane uzoefu: udongo, maji na mbolea kwa nyanya na hoho za kwenye vyombo

Wakuu, heshima kwenu. Naufungua uzi huu kwa ajili yetu tunaolima nyanya, hoho na pilipili kwenye ndoo, mifuko na makopo. Mtu akileta picha ya jani la njano, kabla hajaulizwa anamwagiliaje tayari ameshaambiwa aongeze mbolea. Mimi nimefika mahali pa kuamini kinyume chake. Mmea wa kwenye chombo ukionekana una njaa, mara nyingi chakula kipo, ila mizizi haiwezi kukifikia. Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote, kagua maji na udongo. Leteni visa vyenu, na mwenye kisa kinachopinga hoja yangu akilete vilevile, tena huyo ndiye namsubiri zaidi.

Naanza na cha kwangu. Hoho zilikuwa kwenye ndoo za lita 20, udongo mweusi uliochotwa bustanini. Bustanini udongo huohuo ulikuwa unastawisha kila kitu. Ndani ya ndoo ukashikana, juu pakawa pagumu, maji yakawa yanatuama kwanza ndipo yazame. Majani ya chini yakageuka njano na mimea ikawa imelegea hata asubuhi na mapema, ilhali udongo umelowa. Niliung'oa mmoja nikauosha mizizi: ya kahawia, na ukivuta mzizi kwa vidole ganda la nje linavuka, unabaki na uzi mweupe mwembamba. Harufu yake ni ya matope yaliyooza.

Sababu yake ni hii. Ardhini maji yana kina kirefu cha kushukia. Kwenye chombo hakuna kina hicho, na hata tundu liwe kubwa vipi, chini kabisa hubaki tabaka la udongo lililoshiba maji ambalo halidondoki. Udongo ukiwa na chembe ndogo zilizoshikana, tabaka hilo huwa nene. Mzizi ukikosa hewa haupumui, na usipopumua haunywi. Ndiyo maana mmea unanyauka ukiwa umezungukwa na maji, na mwenyewe akiona umenyauka anamwagilia tena.

Siku hizi nachanganya kokopiti (unga na nyuzi za makumbi ya nazi) sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1, na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au mchanga wenye chembe kubwa sehemu 1. Mchanga laini wa kupigia lipu hausaidii, unajaza zile nafasi za hewa tunazozitafuta.

Tone kwa Tone

Mkuu, naunga mkono, na naongeza la kokoto. Tumefundishwa wengi kwamba ukitandika kokoto chini ya chombo maji yanatoka vizuri. Nimepanda vyombo viwili vya ukubwa mmoja, udongo mmoja, kimoja chenye kokoto na kingine bila. Chenye kokoto ndicho kilichokaa na unyevu mwingi zaidi kwenye mizizi. Maji hayatoki kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye kokoto mpaka huo udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo lile tabaka la maji halikuondoka, limepandishwa juu tu, karibu zaidi na mizizi, na wewe umepoteza nafasi ya udongo. Kama unaogopa udongo kuchuruzika, funika tundu kwa kipande cha wavu, basi.

Mama Hoho

Asante kwa uzi. Mimi naleta kuoza kitako kwenye nyanya, maana hili limewaliza wengi.

Tunda linatokea vizuri, likifika nusu ya ukubwa wake kunaanza doa la maji upande wa chini, kule ua lilikokuwa. Doa linatanuka, linakuwa jeusi, linadidimia, ukiligusa ni gumu kama ngozi ya kiatu. Kila mtu atakwambia ni upungufu wa kalsiamu, na ni kweli, tunda limekosa kalsiamu. Lakini udongo haukukosa. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, na maji hayo yanafuata zaidi kule yanakopotea hewani, yaani kwenye majani. Tunda hupoteza maji kidogo sana, kwa hiyo linapata mgawo wa mwisho. Udongo ukikauka kabisa leo na kesho ukafurika, mgawo wa tunda ndio unaokatika kwanza. Na kalsiamu ikishaingia kwenye jani haihamishwi tena kupelekwa kwenye tunda, ndiyo maana kupulizia majani hakukunisaidia.

Maganda ya mayai niliyasaga nikaweka. Hayana madhara, ila yanayeyuka taratibu mno, tunda la sasa haliyasubiri. Kilichoniponyea nyanya ni mambo mawili: matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo, na kumwagilia kwa mpangilio usioyumba. Matunda yaliyokwisha kuoza hayaponi, yatoe. Yaliyofuata kwenye mmea uleule yalikuja safi, bila chembe ya kalsiamu ya kununua. Halafu chunguzeni aina mnayopanda: nyanya ndefu ndefu hushikwa sana, zile ndogo za mviringo ni nadra.

Na jambo jingine, mbolea ya naitrojeni ikizidi, hasa yenye amonia, tatizo huongezeka. Kwa hiyo yule anayeona kitako cheusi akakimbilia mbolea ya kukuzia anazidisha.

Mche Mpya

Dada, samahani, huo mpangilio usioyumba ndio upi? Mara moja kwa siku?

Mama Hoho

Karibu sana. Usifuate saa, fuata uzito. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri yaache kudondoka, kisha inua chombo uusikie uzito wake. Kesho inua tena. Ndani ya muda mfupi mkono wako utajua chombo kilichoshiba na chenye kiu. Kama ni kikubwa hakiinuliki, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili: pakiwa pakavu huko, mwagilia, pakiwa na unyevu, acha hata kama juu pameonekana vumbi. Mmea mdogo unaweza kukaa siku kadhaa, ukishabeba matunda na jua likiwa kali huenda ukataka asubuhi na jioni. Na majani yakilegea saa saba mchana halafu jioni yakasimama yenyewe, huo ni ulinzi wake dhidi ya joto, usiukimbilie na maji.

Ghorofani

Kwa sisi wa kokopiti, kuna mtego. Ikikauka kabisa inaweza kukataa maji. Unamwagilia, maji yanatoka chini papo hapo, unaridhika kwamba imeshiba, kumbe yamepita pembeni kati ya udongo na ukuta wa chombo na katikati pakavu kabisa. Dalili ni chombo kuwa chepesi baada ya kumwagilia. Kizamishe kwenye beseni la maji mpaka juu palowe, kisha kiache kichuruzike. Pia kokopiti ya bei nafuu huja na chumvi, ioshe vizuri kwa maji masafi kabla ya kuchanganya.

Vyombo vyeusi juani navyo ni shida. Upande unaopigwa na jua mizizi inaungua. Nimevivika gunia la rangi nyeupe, tofauti ilionekana.

Jembe la Mkono

Mimi kisa changu si cha maji, lakini nakiweka hapa kwa sababu nilitibu mambo yote mengine kabla ya kukigundua.

Samadi ilikuwa imeiva, haina harufu, nyeusi, nzuri kuitazama. Nyanya zilipotoa majani mapya yakaja yamejikunja, membamba, ncha zimejisokota kuelekea juu, majani yaliyokomaa hayana neno. Nikafikiri ni virusi. Lakini maharage yaliyokuwa kwenye samadi ileile nayo yakajikunja, na mahindi pembeni, samadi hiyohiyo, yakawa yanapeta. Hapo ndipo nikaelewa.

Kuna dawa za magugu za kundi la aminopiralidi na klopiralidi zinazopigwa kwenye malisho. Zinaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Mnyama akila nyasi hizo, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka kwenye samadi, na inaweza kudumu humo miezi mingi, hata kwenye mboji iliyoiva. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu nyanya, viazi na jamii ya maharage. Nafaka hazidhuriki, ndiyo maana anayekupa samadi anaweza kukuapia kwamba shambani kwake haina tatizo, naye hasemi uongo.

Sasa hakuna samadi inayoingia kwenye vyombo vyangu bila jaribio la maharage. Chukua vikopo kadhaa, nusu samadi nusu udongo unaouamini, na vingine udongo mtupu. Panda maharage kote. Subiri yatoe majani halisi seti mbili tatu. Yakijikunja kwenye samadi na yakanyooka kwenye udongo mtupu, samadi hiyo ipeleke kwenye nyasi au mahindi. Jaribio halina gharama na limeniokolea msimu.

Shina Imara

Mleta mada, uliomba kisa cha kukupinga, ninacho. Hoho zangu zilikuwa kwenye mchanganyiko wenye maranda mengi ya mbao. Maji nafuata uzito, mizizi nimeikagua, myeupe na mingi. Hata hivyo mmea mzima ulififia kuanzia majani ya chini kwenda juu, ukadumaa. Hii ilikuwa njaa ya kweli. Vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni, na maranda yenyewe karibu hayana, kwa hiyo vinaichukua ya kwenye udongo kabla mmea haujapata. Nilipoweka CAN (mbolea ya dukani yenye naitrojeni na kalsiamu) kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji, majani mapya yalitoka ya kijani kamili. Ya zamani hayakurudi.

Kwa hiyo mbolea ina siku yake.

Mleta mada

Shina Imara, nakupokea kwa mikono miwili. Na tazama ulivyofanya: ulikagua mizizi kwanza. Hilo ndilo ninalolipigania.

Kwa faida ya wengine, njano inaanzia wapi ni swali kubwa kuliko njano yenyewe. Naitrojeni na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo zikipungua huzitoa kwenye majani ya zamani kulisha machanga. Jani la chini likififia lote, fikiria naitrojeni. Likiwa njano katikati ya mishipa na mishipa imebaki kijani, fikiria magnesiamu. Kingo zikiungua, potasiamu. Madini ya chuma hayahamishiki, kwa hiyo upungufu wake hutokea juu, kwenye majani mapya, njano yenye mishipa ya kijani.

Na hiyo njano ya juu mara nyingi si upungufu. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ya kupita 7, chuma kipo lakini kimejifunga. Nyanya na hoho hupenda kati ya 6 na 6.8 hivi. Maji magumu ya kisima yanaipandisha pole pole, na majivu yanaipandisha haraka. Nimeona mtu anaweka majivu kila wiki kwa nia njema, kwa sababu yana potasiamu na kalsiamu, na kila wiki ncha zinazidi kuwa njano. Kwenye chombo kidogo majivu ni ya kupima kwa kijiko, au yaache kabisa.

Mche Mpya

Juu ya udongo wangu na ukingoni mwa ndoo kuna ukoko mweupe. Ncha za majani zimeungua. Natumia mbolea ya 17-17-17, kijiko kimoja kila nikikumbuka. Ni ukungu?

Tone kwa Tone

Ukikwaruza unakatika kama unga mkavu, ni chumvi ya mbolea. Ukiwa na nyuzi laini kama pamba, huo ni ukungu, nao hauna ubaya sana.

Hizo namba ni asilimia: naitrojeni 17, fosfeti 17, potashi 17. Yaani kwenye kila gramu 100 kuna gramu 51 za hivyo vitu. Urea ina naitrojeni 46 kwa 100, hiyo kwenye ndoo ni hatari zaidi. Ardhini mvua huisukuma chini ikizidi. Kwenye ndoo inabaki, maji yanaruka hewani chumvi inaachwa, kila wiki inajilimbikiza, mpaka udongo unaanza kuuvuta maji mzizi badala ya mzizi kuyavuta.

Acha mbolea kwa sasa. Kwaruza ukoko utupe. Kisha pitisha maji masafi mara mbili ya ujazo wa ndoo, taratibu, yatoke yote chini, na usiache sahani chini yake maana yatanywewa tena. Ndoo ya lita 10, lita 20 za maji. Fanya asubuhi ili ipate mchana mzima wa kuchuruzika, halafu usimwagilie tena mpaka iwe nyepesi. Mbolea uirudishe majani mapya yakishatoka bila kuungua, nusu ya kipimo cha kwenye mfuko, iliyoyeyushwa, kwenye udongo ambao tayari una unyevu.

Mche Mpya

Asante kaka. Nimekwaruza, ni unga. Naosha kesho asubuhi, na nitaleta picha ya majani mapya yakitoka.

Jembe la Mkono

Leta na ya mizizi, ukiweza kuutoa mmoja bila kuuumiza.