Mwajiri katufungia semina siku nzima kutufundisha kutengeneza sura bandia. Hii imekaaje?

Wakuu, heshima kwenu.

Niko kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, mwaka wa tisa huu. Jina la kampuni silitaji, ada za watoto bado nadaiwa. Ila hili limenikaba kooni.

Wiki tatu zilizopita tukaitwa semina. Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, posho hakuna, sambusa mbili na soda. Tukadhani ni mfumo wa forodha, maana huko ndiko tunakoumia kila siku. Kumbe tumeitwa kufundishwa kujitengenezea picha za kiofisi kwa akili mnemba!

Mwezeshaji, kijana wa suti ya kubana, akaamuru kila mtu ajipige selfi 15. Ya mbele, ya ubavu, unacheka, umenuna, dirishani, juani. Kwa simu zetu, kwa bando letu. Mzee wetu wa stoo ana kiswaswadu, ikabidi nimwazime yangu, kwa hiyo sura yake nayo sasa iko kwenye simu yangu. Halafu tupandishe zote kwenye tovuti ambayo masharti yake ni kurasa na kurasa za Kiingereza. Nikanyoosha mkono: hizi picha zinahifadhiwa nchi gani, na zinafutwa lini? Nikajibiwa, "Kaka, hiyo ni nje ya mada."

Nje ya mada! Uso ni wangu mimi.

Picha zikarudi. Wakuu, mimi nina mwanya, nimeurithi kwa bibi mzaa mama, na mke wangu hadi leo anadai ndio uliomnasa. Umezibwa. Kovu juu ya jicho la kushoto halipo. Weusi wangu umeshuka, utadhani kuna mtu kanipaka mkorogo nikiwa usingizini. Huyo mtu kwenye picha ni mtanashati, sikatai, lakini ni mdogo wangu ambaye mama hakuwahi kumzaa.

Na wala si bahati mbaya. Programu hizi hazisafishi picha yako, zinachora mpya. Zimelishwa mapicha kibao ya mtandaoni, na pale zisipokuelewa zinajazia kile zilichozoea kukiona. Mwaka 2023 mwanafunzi wa MIT kule Marekani, mwenye asili ya Asia, aliomba programu moja imfanyie picha ya kikazi, ikamrudisha akiwa mzungu wa macho ya bluu. Habari ilizagaa dunia nzima. Mtaalamu wetu hana habari nayo.

Kilichoniuma zaidi ni dada mmoja wa uhasibu. Anavaa hijabu, na selfi zake zote 15 alikuwa nayo. Kwenye zilizorudi, kadhaa zinamwonyesha kichwa wazi, nywele mpaka mabegani, nywele ambazo si zake. Zilirushwa kwenye projekta mbele yetu wote. Kijana anacheka, "chagua nyingine tu, sista." Dada alitoka nje na hakurudi mpaka semina inaisha.

Sasa sikieni. Picha hizo ndizo zimechapwa kwenye vitambulisho vipya. Jumanne naingia bohari ya mteja, mlinzi kaangalia kitambulisho, kaniangalia, kakiangalia tena. "Mwenyewe yuko wapi?" Nimesimama getini saa nzima na nusu, gharama za kontena zinahesabu, na bosi ananipigia kuniuliza MIMI kwa nini nachelewa. Mlinzi wala simlaumu, huyo ndiye pekee aliyefanya kazi yake.

Zamani alikuwa anakuja mpiga picha na kitambaa chake cha bluu, anakuambia nyanyua kidevu, dakika tano umemaliza na mwanya wako. Wameona ni gharama.

Nimepitia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa za nini, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Tume yake ipo na inapokea malalamiko. Nikamwandikia afisa utumishi barua ya kistaarabu kabisa, nikinukuu sheria.

Majibu yamekuja leo saa kumi jioni: fomu ya ridhaa, tusaini wote kabla ya Ijumaa. Tarehe imeshachapwa tayari, ni ya siku moja kabla ya semina.

Wanasheria mliomo humu, nisaini au nisisaini?