Tupeane uzoefu: ulishawahi kuiona pafyumu yako kwenye muvi?

Mwana wa Chuda
Jana umeme umerudi saa tatu usiku huku Chuda, nawasha tivii nakuta tamthilia ya Kituruki, yule dada mbaya kakaa mbele ya kioo anapanga fitina zake. Mie wala sina habari na fitina, macho yote mezani kwake. Nyuma ya kiwiko kuna kikopo cha bati, cha duara, buluu, wamekiwekea ukungu utasema ni shahidi wa mauaji. Ukungu wa nini jamani! Nivea ile hata uivalishe gunia naijua, bibi yangu kawekea vifungo na sindano kwenye kikopo kama kile tangu mie sijaota meno. Nikapiga ukelele peke yangu sebuleni. Sasa nauliza, nani mwingine yamemkuta? Losheni, poda, wanja, pafyumu, chochote, umekiona kwenye muvi stori ikakupotea hapohapo? Tupeane uzoefu.

Bi Raskazone
Mie huyo. Mume wangu kashakataa kuangalia muvi na mie.

Kitendawili
Wale Waturuki wanaficha kila chapa, sheria zao za matangazo kwenye tivii ni kali. Mpaka maandishi ya fulana wanayaweka ukungu.

Asumini Kavu
Yangu ni ya kusikia. Mwaka wa kwanza chuo, tumejazana chumba kimoja cha hosteli, laptopu moja, mtu kaweka The Silence of the Lambs ya 1991. Kiingereza chao cha haraka kilikuwa kinanipita, ila yule mzee mla watu akasogea kwenye kioo chenye vitundu akavuta pumzi, akamwambia yule binti wa FBI unapaka krimu ya Evian na siku nyingine unajipulizia L'Air du Temps, ila leo hujaipaka. Wenzangu wanajifunika mashuka kwa woga, mie machozi.

Marehemu mama alikuwa nayo. Chupa ya Nina Ricci yenye njiwa wawili juu ya kizibo, kaletewa na mjomba baharia. Inakaa kabatini katikati ya doti za kanga mpya, inatoka Idi mbili na harusi ya mtu wa karibu, tone moja nyuma ya sikio kizibo kinarudi. Njiwa mmoja bawa lake halina ncha. Nililimegua mie nina miaka sita, nikaficha kile kipande kwenye debe la mchele nikijua hakuna atakayekiona, kikaja kuonekana kwenye sinia la pilau mbele ya wageni kutoka Pangani. Mama hakunipiga. Alikitoa pembeni ya sinia kwa kidole, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kuwakaribisha watu. Ile muvi mpaka leo sijui iliishaje, nilitoka nje.

Mwana wa Chuda
Umeniliza na asubuhi yote hii.

Fundi Taa Bagamoyo
Poleni, ila mada inasema kuiONA. Pale kwenye ile sini pafyumu inatajwa kwa mdomo tu, chupa haipo. Hiyo sio propsi, yaani kifaa kinachoonekana kwenye sini.

Bi Raskazone
Mtu kaleta habari ya marehemu mamake wewe unamletea kanuni? Ndio maana hamuoi nyie.

Fundi Taa Bagamoyo
Nina mke na watoto wawili. Nimesema tu.

Shombe la Makorora
Niweke yangu nisepe. Rangi ya kucha ya Uma Thurman kwenye Pulp Fiction ya 1994, ile nyekundu iliyoiva mpaka inataka kuwa nyeusi, ni Rouge Noir ya Chanel. Niliitafuta Ngamiani barabara zote kuanzia ya kwanza mpaka nikachoka, nikauziwa ya elfu mbili, siku ya pili inabanduka vipande naokota kwenye ugali.

Kitendawili
Na hivyo vyote vimelipiwa, msijidanganye. Hollywood hakuna chupa inakaa mezani bure.

Fundi Taa Bagamoyo
Si kweli. Vingine vinalipiwa, vingine mtu wa vifaa kanunua dukani kama wewe tu. Na kuna kampuni zinakataa zenyewe. M&M's waliombwa pipi zao ziwekwe kwenye E.T. ya 1982 wakagoma, Hershey wakaingiza Reese's Pieces zao wakatajirika.

Mie nimesoma TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, nimeshika vifaa kwenye filamu tatu za Bongo, naongea ninachokijua. Bajeti ya meza ya kujipambia ni sifuri. Unaazima. Unagonga hodi, mama naomba vipodozi vyako kwa siku moja, unaandika kwenye daftari chupa ngapi na kila moja imejaa mpaka wapi, maana mwigizaji akijipulizia teki tano na mwenyewe anajua pafyumu yake ilifika kwenye mstari gani, unalo. Kwa hiyo tunatafuta chupa tupu kwa wauza pafyumu za kupima, tunajaza maji na chai ya rangi kidogo ipate ule umanjano. Kuna siku nilisahau kumwambia mwigizaji. Kanzu nyeupe pe, ya kukodi, sini ya bwana harusi, kajipulizia kifuani mara nne kwa mbwembwe. Tulimpiga picha mgongoni siku nzima iliyobaki.

Kitendawili
Kumbe chai. Nimeishiwa imani.

Mkunga Mstaafu
Mimi kinachoniudhi ni zile krimu za kujichubua. Muvi ya juzi, dada kalala hospitali anaumwa, pembeni ya kitanda kopo la krimu lililopigwa marufuku miaka na miaka. Hidrokwinoni na zebaki hizo wanangu. Kama mnaazima, azimeni vya maana.

Shombe la Makorora
Mama naye. Labda ndizo zilizomlaza.

Wifi Barabara ya 9
Sijawahi kuandika humu ila hii mada imenitonesha. Mume wangu aliniletea Poison ya Dior kutoka Dubai nilipojifungua mtoto wa kwanza, ile ya zambarau mviringo kama tofaa. Kizibo kilipata ufa nikakizungushia uzi mwekundu wa kushonea shingoni, mizunguko mitatu, fundo kwa nyuma. Stika ya bei ya dirham sikuibandua makusudi, wageni waone. Tukahama nyumba, chupa haionekani. Mume akasema ilivunjika kwenye kirikuu, akaongeza mpaka na "gari zima lilinukia". Nikaamini, nikalia, nikanyamaza.

Mwaka jana mwezi wa Ramadhani tumeshafuturu naangalia muvi ya Kibongo, wamepiga Bagamoyo, unaona kabisa ile milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Binti anaingia chumbani analia, anakaa kwenye dresingi tebo. Na mie hapo nimeshika tambi kinywani. Chupa ya zambarau. Uzi mwekundu. Nikarudisha nyuma, nikasimamisha, nikasogea mpaka pua inagusa skrini. Mizunguko mitatu. Na kile kistika pembeni. Mume wangu kakaa hapohapo kwenye mkeka anachokonoa meno, nikamwambia baba fulani, hebu njoo uone gari lililonukia

Mtoto kaamka narudi

Bi Raskazone
RUDI HAPA

Mwana wa Chuda
Mtoto gani huyo anaamka saa hizi?? Mpe uji urudi

Shombe la Makorora
Dada funga begi. Usiulize swali, funga begi.

Mkunga Mstaafu
Usifunge begi lolote. Ndoa haivunjwi na chupa. Mpikie vizuri, umuulize akiwa ameshiba.

Kitendawili
Mie naona huyo dada kapigwa mapema zaidi. Poison original ya Dior ya 1985 ile, kwa mume wa Kibongo? Hiyo ilikuwa feki.

Wifi Barabara ya 9
Kitendawili feki ni wewe. Nimerudi. Basi mume katazama, jasho likamtoka, akasema sikuficha kwa ubaya, alichukua dada yangu. Yaani wifi yangu! Kaolewa Bagamoyo, aliiona siku tunahama akaitaka, kaka mtu akashindwa kumnyima akatunga kirikuu. Na wifi nyumba yake aliwakodishia watu wa filamu. Nikampigia simu palepale, akalia, akaomba radhi, akasema itarudi. Haijarudi ila yameisha, tumesameheana.

Mwana wa Chuda
Alhamdulillah. Nilishaanza kuitafuta talaka yako mie.

Fundi Taa Bagamoyo
Dada samahani. Hiyo muvi chumba kina pazia za kijani na kitanda cha besera?

Wifi Barabara ya 9
Ndio hicho. Kwani vipi

Fundi Taa Bagamoyo
Vifaa vya hiyo nilishika mie. Ile nyumba tuliikuta na kitanda tu, kabati halina hata kitana. Vya mezani vyote niliazima kwa mama mmoja kule Magomeni na uzi mwekundu niliuandika kwenye daftari. Labda wifi yako alimpa yeye, sijui. Njoo inboksi kwanza.

Bi Raskazone
Inboksi ya nini, sema hapahapa!

Shombe la Makorora
Nilisema begi.

Mkunga Mstaafu
Fundi wewe ni mchonganishi, mtu kashasamehe.

Asumini Kavu
Wifi Barabara ya 9 upo?

Mwana wa Chuda
Kazima simu nadhani.

Mgeni wa Muheza
Nimesoma haraka haraka. Hiyo Poison siku hizi inapatikana Tanga, na ni shilingi ngapi?