Isidingo ya ITV ilikuwa inahusu nini hasa? Bibi yangu nilimsimulia kisima na ng'ombe

Binti wa Chang'ombe

Habari zenu wadau. Naomba mwenye kumbukumbu nzuri ya Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini tuliyokuwa tunaiona ITV mwaka 2003 na 2004, anisaidie. Nataka mtu aliyeikalia akaielewa aniambie ugomvi wa Cherel na Barker na wale wengine ulikuwa wa nini. Nina sababu, na ni ndefu, nivumilieni.

Nimekulia Chang'ombe, hii ya Dodoma, siyo ya Dar. Nyumbani hatukuwa na TV. Tulikuwa tunaangalia kwa jirani, Mama Neema, chogo ya inchi 14 iliyoshinda imefunikwa kitambaa cha kudarizi mchana kutwa, kinatolewa jioni tu. Sheria ya pale ilikuwa moja: mtoto haingii bila kunawa miguu. Mlangoni kulikuwa na ndoo na kopo, na vumbi la kwetu mnalijua, wa mwisho kwenye foleni alikuwa ananawa tope. Ukishanawa unakaa mkekani na hutii neno, wakubwa wako kwenye makochi.

Mwaka huo 2003 nilikuwa darasa la tano. Bibi mzaa mama akaletwa mjini kutoka kijijini Handali. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi, na mama alitaka amtunze mwenyewe wakati akisubiri kupelekwa hospitali ya Mvumi kufanyiwa upasuaji. Jioni ya kwanza akakataa kubaki ndani peke yake. Nikamshika mkono tukaenda naye. Mama Neema akamkaribisha kwenye kochi, akakataa, akaomba kigoda, akakaa mbele kabisa, magoti yanakaribia kugusa meza ya TV.

Isidingo ikaanza. Kiingereza, na mara mojamoja wanachanganya lugha zao za kule Afrika Kusini. Bibi akanigusa bega. "Wanasemaje?"

Kiingereza changu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu. Lakini nimeulizwa na Bibi, mbele za watu, na haoni. Nikamjibu. Kwenye kioo kulikuwa na wanaume wenye kofia ngumu wanashuka chini ya ardhi, nikasema wanachimba kisima. Akaja mzee wa suti anamfokea mtu ofisini, nikasema huyo ni Barker, anataka kisima kiwe chake na wenye ng'ombe wamlipe ndipo wanyweshe. Akaja mwanamke anatabasamu huku muziki umebadilika, nikasema huyo ni Cherel, ndiye aliyeficha ng'ombe. Bibi akashusha pumzi, akasema, "Nilijua. Isikilize sauti yake."

Ndivyo nilivyoanza kuwa mkalimani. Nilikuwa nalala nikiwaza ng'ombe nimewaacha wapi, maana Bibi alikuwa hasahau. Siku nikasema wako kumi na mbili, akanikata palepale: "Jana walikuwa wanane." Wakabaki wanane mpaka mwisho.

Kuna kitu alikuwa anakipata mwenyewe bila mimi. Wale watu wakichanganya Kizulu, akisikia "abantu" anashtuka kigodani: "Wanhu! Amesema wanhu!" Kwa Kigogo ndiyo watu. Akisikia "inyama" anacheka kabisa. Aliniambia hao ni wa kwetu, wamehamia mbali tu.

Baba Neema alikuwa mwalimu wa sekondari, Kiingereza anakijua vizuri. Alikuwa anakaa kochi la pembeni na gazeti lake, ananisikia kila jioni, na hakunisahihisha hata siku moja. Bibi alipopelekwa Mvumi nikaenda peke yangu, nikakaa mkekani kimya kama watoto wengine. Isidingo ikafika katikati. Mwalimu akashusha gazeti, akaniuliza, "Wale ng'ombe walipatikana?"

Upasuaji ulienda vizuri. Bibi akarudi mjini na miwani minene, na jioni hiyohiyo akataka twende. Alikitazama kile kioo muda mrefu sana. Kisha akanigeukia.

"Cherel ni Mzungu?"

Nikasema ndiyo.

"Hukuniambia." Akanyamaza tena. "Na ng'ombe siwaoni."

Nikamwambia wako malishoni. Akarudisha macho kwenye kioo, na haikupita dakika tano nikahisi mkono begani. "Wanasemaje?"

Mwaka 2004 akarudi Handali. Likizo ya Desemba nikamfuata. Umeme hakuna, TV hakuna, na jioni tukichambua mlenda ananiuliza habari za kule. Nikawa naendelea kutoka nilipoishia. Nilifanya hivyo kila likizo mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Bibi alifariki mwezi uliopita. Msibani, siku ya pili, nikapita nyuma ya nyumba nikakuta watoto wamekaa chini, na mtoto wa binamu yangu, ana miaka minane, anawatolea hadithi. Kuna mwanamke anaitwa Chereli. Kuna mzee anaitwa Baka. Kuna kisima na ng'ombe wanane. Akifika kwa mzee mwenye kilabu cha pombe anabadili sauti, anaikwaruza kooni, na wenzake wote wanaingojea hiyo sehemu. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akasema, "Bibi." Wote wanaijua. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba ilitoka kwenye TV.

Kwa hiyo nauliza: kweli ilikuwaje? Na yule mzee mwenye baa, ambaye Bibi alimpenda kuliko wote kwa sauti tu kabla hajamwona, alikuwa nani?

Nyota ya Makole

Pole sana dada kwa msiba. Mimi sitakusaidia, nyumbani ikifika Isidingo sisi tunafukuzwa kulala. Za kwangu ni michezo ya kundi la Kaole, na vichekesho vya Max na Zembwela. Hizo tulikuwa tunaziigiza shuleni wakati wa mapumziko, mimi kila siku nafanywa mama mkwe kwa sababu ya urefu. Nimejaribu kumtafutia mwanangu zile za Kaole za mwanzo aone Kanumba na Ray walivyokuwa vijana, nimeambulia vipande vipande.

Kijana wa Manyoni

Pole dada. Hiyo nimeikalia miaka, marehemu kaka yangu alikuwa anafanya kazi Afrika Kusini na akija likizo anatufafanulia.

Kwanza jina. Isidingo ni Kizulu, maana yake hitaji. Kwao ilianza 1998 na ikaja kufungwa Machi 2020, kwa hiyo wewe na Bibi mliingia katikati ya safari. Mji wao wa kubuni unaitwa Horizon Deep, ni mji wa mgodi wa dhahabu. Wale wa kofia ngumu uliowaona wanashuka ni wachimbaji. Barker Haines ni tajiri mwenye kituo cha televisheni kinaitwa ON!TV, mtu wa kutaka kila kitu kiwe chake. Cherel ndiye mwovu mkuu wa mchezo mzima, hapo Bibi alisikia sawasawa. Halafu kuna familia ya akina Matabane, watu wa kawaida wa pale mgodini, hao ndio waliokuwa wanachanganya lugha sana, nadhani "abantu" alizipata kwao.

Mzee wa baa ni Georgie Zamdela, wanamwita Papa G. Baa yake inaitwa The Rec. Aliyemwigiza ni Darlington Michaels. Mtafute, video zake zipo.

Ukiniuliza mimi, ulikosa madini tu. Weka kisima mahali pa dhahabu, ugomvi ni uleule: kilicho chini ya ardhi ni cha nani, na nani analipwa.

Binti wa Chang'ombe

Kijana wa Manyoni, Mungu akubariki, na pole kwa kaka. Nimesoma jibu lako mara tatu. Hitaji! Miaka yote nilidhani ni jina la ukoo.

Kuhusu kisima, sikukiwaza sana wakati ule. Handali nilikuwa najua shimo moja tu ambalo watu wanashuka ndani yake, lile la kufukua mchanga korongoni mpaka maji yatokeze. Nimeshawahi kumshikia Bibi kibuyu juu huku yeye yuko chini anachota kwa kata, maji yanajaa polepole, na nyuma yetu kuna foleni ya ndoo na mbuzi. Kwa hiyo nilipoona watu wanaingia ardhini na taa kichwani, sikuwa na jibu lingine. Dhahabu ningemwambia, angeniuliza inanywewa na nani.

Mzee wa Kibaigwa

Binti yangu, shikamoo zimepungua humu lakini salamu yako naipokea. Pole kwa kuondokewa na Bibi.

Sisi wa rika langu tulikua bila televisheni kabisa. Wazanzibari walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku Bara tukaisubiri mpaka 1994. Tulichokuwa nacho ni redio, na kipindi chetu kilikuwa Mama na Mwana cha RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Marehemu mama yangu alikuwa akisikia sauti ya mtangazaji wake, Deborah Mwenda, anaacha kupepeta, ungo anauweka mapajani. Kesho yake hadithi ileile anaisimulia upya shambani, na ya kwake ina fisi hata kama ya redioni haikuwa na fisi. Nilipokua nikadhani ananipunja. Sasa fisi wa mama ndiye ninayemkumbuka, wa redioni sikumbuki hata mmoja.

TV ya kwanza kijijini kwetu ilikuwa ya mwenye mashine ya kusaga, inaendeshwa na betri ya lori. Antena juu ya mti mrefu, kijana mmoja anazungusha nje, ndani watu wanapiga kelele "hapo! umepita! rudi!" na chenga zinapungua zinaongezeka. Tarehe 31 Mei 2002 tulijaa pale kuangalia Senegali na Ufaransa, Kombe la Dunia. Papa Bouba Diop wa Senegali akafunga bao. Watu wakatoka nje kushangilia, tunarudi ndani betri inakata. Tulibaki tumejipanga vilevile tunangoja mtu aje na habari, na kila mmoja anaeleza dakika zinazoendelea sasa hivi zinavyokwenda. Kesho yake tukaambiwa limebaki lilelile moja. Kuna mzee aliapa mpaka anakufa kwamba lilifungwa la pili.

Usimwambie yule mtoto kwamba hadithi yake ni ya uongo. Ndilo ombi langu.

Dada Zabibu

Pole dada. Nimecheka kwa Cherel Mzungu, halafu nimelia kwa mkono wa begani.

Mimi ni wa juzi kidogo. Kwetu Kikuyu, hapahapa Dodoma, ni ile tamthilia ya Kichina, Doudou, mwaka 2011 TBC. Iliwekwa sauti za Kiswahili, na mama yangu ambaye alikuwa hajawahi kukaa kwenye TV akaanza kuwahi kupika. Kabla ya hapo alikuwa ananiuliza mimi maneno yote, kama Bibi yako. Ikaja Doudou akaacha kuniuliza, anacheka kabla yangu. Nilifurahi, lakini ukweli niliukosa ule usumbufu. Halafu tarehe 31 Januari 2013 Dodoma wakazima mitambo ya analojia, sisi king'amuzi hatukuwa nacho, chogo yetu ikawa ya kuwekea maua ya plastiki. Mama alikaa miezi mitano bila TV.

Dada, turudie. Utamwambia mtoto au humwambii?

Binti wa Chang'ombe

Shikamoo Mzee wa Kibaigwa. Samahani nimechelewa kurudi, Jumamosi tulikwenda Handali kuweka msalaba.

Dada Zabibu, nilikwenda nimeamua kumwambia. Siyo kwamba ni uongo, ila kwamba ilianzia kwa Mama Neema, kwenye kigoda, na kwamba niliyekuwa nasema ni mimi na aliyekuwa anahesabu ng'ombe ni Bibi. Niliona ni haki yake kujua. Nilikuwa nimepakua na kipande cha Papa G kwenye simu, kwa sababu kule mtandao unasumbua.

Jioni tukakaa uani, watoto wote wamejibanza. Nikamwambia mtoto wa binamu, leo nimekuja na mzee wa kilabu mwenyewe, umsikie. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Wakasikiliza. Lugha hawaielewi, picha ni ndogo, lakini ile sauti inatoka simuni vilevile kama ilivyokuwa inatoka kwa Mama Neema miaka ishirini na zaidi iliyopita. Mama yangu aliyekuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Kipande kikaisha. Mtoto akaniangalia, uso wake umefunguka kabisa, akawageukia wenzake.

"Mmesikia?" akawaambia. "Anamwiga Bibi."