Nimechelewa siku 9, na kijistari cha pili sikielewi

BintiKisauni:
Assalam aleikum dada zangu, naombeni ushauri na msinicheke. Siku zangu huja kila baada ya siku 28. Leo ni ya 37, kimya. Mume wangu ni baharia, alikuja likizo siku kumi akaondoka. Usiku mmoja mpira ulipasuka, asubuhi nikakimbilia duka la dawa nikameza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Hiyo ni wiki tatu na siku mbili sasa.

Jana usiku nimetoka kupunga upepo Mama Ngina, kando ya bahari, tumbo limejaa madafu, nikapima mimba hapo hapo. Mstari mmoja. Nikatupa. Leo alfajiri naosha bafu, nakiona kile kipimo kwenye ndoo ya taka kina kijistari cha pili, hafifu kama wino uliomwagikiwa maji. Nimekigeuzageuza dirishani mpaka chai ikapoa. Ni mimba hii?

UmmuSwaleh:
Shoga, hicho cha kwenye taka kisahau. Kipimo kina dakika zake, soma ile karatasi yake. Kikishakauka hujichora chenyewe. Mimi mwaka juzi nilishawaambia mpaka mawifi! Aibu niliyoipata naijua mwenyewe.

Pili wa Likoni:
Pole mamii. Si umeze P2 nyingine tu uwe na amani?

Muuguzi Mstaafu:
Pili mwanangu, hapana. P2 kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka. Mimba ikishatunga haiwezi kuitoa, utapoteza pesa zako bure. Na usije ukamwambia achemshe mizizi.

BintiKisauni, huenda ni hiyo hiyo P2 iliyokuvurugia siku, hufanya hivyo sana. Lakini ukipitisha wiki ni lazima upime, na upime vizuri: mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa chochote. Madafu yale yaliuzimua mkojo, homoni ya mimba ikiwa kidogo haionekani. Wiki tatu tangu tendo zimeshatimia, kwa hivyo jibu la kesho unaweza kulitegemea. Likiwa hamna na siku bado, rudia baada ya wiki, au nenda kituo cha afya wakupime damu.

Moja tu usilolifanyia mchezo: tumbo likikukata upande mmoja, ukasikia kizunguzungu au ukatokwa na damu usiyoizoea, usingoje kuche. Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi hata kama ulimeza P2. Hospitali, saa hiyo hiyo.

UmmuSwaleh:
Na bwana mwambie, hata kama yuko melini. Wasiwasi wa peke yako nao huzichelewesha siku.

BintiKisauni:
Ahsanteni. Nimepima saa kumi na moja na nusu, hata mswaki sijapiga. Nimekaa kwenye ngazi, simu inahesabu dakika. Mstari mmoja, wa pili hata kivuli chake sikioni. Nimekipiga picha nikakitupa ndoo ya nje, nisije nikakiokota tena. Siku bado hazijaja. Ijumaa ijayo narudia, na bwana nimemtumia ujumbe. Akifika bandarini atausoma.