Kuku wanafukua miche, nifanyeje?

Swali: Wakuu, kuku wangu nawaachia huru na sitaki kuwafungia kutwa. Mchicha wanaudonoa hadi yanabaki mabua, miche ya nyanya wanaifukua kabla haijashika. Nimezungushia miiba, wanapenya. Mnalindaje bustani?

Jibu: Ndugu, kwenye nyanya kuku hafuati mche. Anafuata wadudu na minyoo kwenye udongo uliolegea, hasa ukishamwagilia. Laza wavu wa kuku juu ya tuta, ukate matundu ya kupitishia miche. Akiparua, kucha zinakutana na waya, anaondoka. Shina likishakomaa, panga mawe kulizunguka. Mchicha hautapona kwa njia hiyo. Huo uzungushie wavu wa kimo cha mita 1.5.

Jibu: Wanaoruka, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu, wakose mizani. Manyoya machanga yenye damu usiyaguse, tafadhali, kuku anaumia kweli.

Muulizaji: Asanteni. Matandazo je, yale majani makavu ya kufunika udongo? Wanayatawanya kila siku.

Jibu: Yafunike kwa wavu uleule. Na wawekee kona ya kuogea vumbi, mchanga mkavu na majivu kidogo, mbali na matuta. Mimi wangu huwafungulia jioni, ikibaki kama saa moja waingie bandani.