Mjadala: Je, mchoro wa Turner wa meli ya watumwa unawatetea waliozamishwa, au unawageuza pambo la bahari?

Wanajamvi, salaam.

Naleta hoja ambayo najua itatugawa. Katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, Marekani, kuna mchoro wa Mwingereza J.M.W. Turner ulioonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1840. Jina lake kamili linaeleza kwamba wauza watumwa wanawatupa baharini wafu na wanaokata roho, huku tufani ikija. Watu hulifupisha: Meli ya Watumwa. Mchoro huu husifiwa kwa mambo mawili, kwamba ni kilele cha ulimbwende (au uromantiki, kama wengine mnavyouita, ule mkondo wa sanaa uliotukuza hisia na nguvu za maumbile), na kwamba ni pigo dhidi ya utumwa. La kwanza nalikubali kwa moyo wote. La pili nalipinga.

Kwa ambao hawajauona: jua linazama katikati, na mwanga wake umeipasua bahari kutoka juu hadi chini. Rangi ni nyekundu, njano, na kahawia ya damu iliyoganda. Meli iko mbali kidogo, upande wa kushoto, matanga yamekunjwa. Kwa mbele, kwenye mawimbi, kuna mikono na minyororo, na chini kulia mguu mmoja wenye pingu umezungukwa na samaki na shakwe. Sura ya mtu huioni. Na sasa angalia jambo ambalo watu wengi hulipita: jina linasema watu wanatupwa, lakini kwenye mchoro hakuna anayetupa. Nahodha hayupo. Baharia hayupo. Kuna bahari tu, na mbingu iliyokasirika.

Wengi wanauhusisha mchoro huu na meli ya Zong, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwaka 1781 wafanyakazi wa meli hiyo, mali ya kikundi cha wafanyabiashara wa Liverpool, waliwatupa majini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai. Hawakufanya hivyo kwa siku moja. Waliwatoa kwa mafungu. Kisha wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Dai lao lilisimama juu ya kifungu cha hatari za bahari: kwamba pepo na mikondo viliichelewesha meli, maji ya kunywa yakapungua, ikabidi kupunguza watu. Mahakama ya kwanza, Machi 1783, iliwapa ushindi. Kesi ilipofika mbele ya jaji mkuu, Lord Mansfield, mwezi Mei, alisema kisheria jambo hilo lilikuwa sawa na kutupa farasi, ingawa akaamuru kesi isikilizwe upya. Ushahidi ulionyesha kwamba meli ilipotea njia kwa makosa ya uongozaji, na kwamba mvua ilinyesha kabla fungu la mwisho halijatupwa. Hapakuwa na tufani.

Sasa niambieni, Turner amefanya nini? Ameiondoa mikono ya wauaji, akaleta tufani. Ameipa bahari kazi yote. Sisemi alikusudia, lakini mchoro wake umeangukia palepale walipokuwa wamesimama mawakili wa wenye meli: ni bahari, siyo sisi.

Wala hilo halikutoka hewani. Lilitoka kwenye wazo lililowalea walimbwende, wazo la fahari ya kutisha. Mwanafalsafa Edmund Burke aliliandika mwaka 1757: hatari ikikukaribia mno haina raha yoyote, lakini ukiitazama kwa umbali fulani, hofu yenyewe huleta furaha ya aina yake. Ndiyo maana wasanii wa kizazi kilichofuata walipenda milima yenye barafu, maporomoko, dhoruba na meli zinazovunjika. Mlima ukitazamwa hivyo hakuna aliyedhulumiwa. Lakini kwenye mauaji, umbali huo salama ni wa nani? Ni wa mtazamaji aliyesimama London mwaka 1840, miaka michache tu baada ya serikali yake kuwatengea wenye watumwa fidia ya pauni milioni 20, huku watumwa wenyewe wakiachwa mikono mitupu.

Ushahidi wangu mkubwa ni John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza. Aliutetea mchoro huu kuliko mtu yeyote, akapewa na baba yake kama zawadi ya mwaka mpya wa 1844. Katika kitabu chake alijaza maneno mazito kuhusu mawimbi, mwanga, na rangi ya maji. Kwamba meli hii ni ya watumwa na inawatupa watu wake, hilo alilishusha kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Baadaye aliuuza, na husemwa ulikuwa umemlemea moyoni. Sina sababu ya kulitilia shaka hilo. Hata hivyo, msomaji makini kuliko wote aliisoma bahari kwanza na watu mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo mchoro ulivyopangwa kusomwa.

Wapo watakaoleta suala la mwaka 1805, Turner alipoweka pauni 100 katika shamba la mifugo la Jamaica lililotegemea kazi ya watumwa. Ni kweli, lakini sitaki tuegemee hapo. Miaka 35 inatosha mtu kubadilika, na mimi nauhukumu mchoro.

Upande wa pili una hoja ya uzito: tufani ndiyo hukumu. Wanasema bahari inainuka kuimeza meli ya wadhalimu, na wanamtaja mshairi James Thomson wa karne ya 18, aliyeandika kuhusu papa anayeifuata meli ya watumwa. Sawa, lakini someni shairi lenyewe. Kifo kimoja kinawabeba watesi na watumwa pamoja, na papa hachagui. Hukumu gani hiyo inayomwadhibu aliyefungwa pamoja na aliyemfunga?

Msidhani nawakataa walimbwende wote. Tazameni mchoraji Géricault wa Ufaransa na mchoro wake, Chelezo cha Medusa, aliouonyesha Paris mwaka 1819. Meli ya Medusa ilikwama karibu na pwani ya Mauritania mwaka 1816 chini ya nahodha aliyepewa cheo kwa upendeleo. Watu 147 waliachwa kwenye chelezo, na siku ya kumi na tatu walikuwa wamebaki hai 15. Bahari ipo, mawingu yapo, hofu ipo. Lakini Géricault aliwatafuta manusura akazungumza nao, akachora miili yenye uzito, na kileleni kabisa akamweka mtu mweusi anayepunga kitambaa kuiita meli. Aliyekaa mbele yake kama kielelezo alikuwa Joseph, mzaliwa wa Haiti. Ulimbwende uleule, fahari ileile ya kutisha, ila matumaini ya chelezo kizima yako kwenye mkono wa mtu huyo. Hata pale Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, sanamu za Clara Sörnäs zimesimama shimoni zikiwa na minyororo shingoni, na kila moja ina uso. Mtu anayefika pale hana bahari ya kukimbilia kwa macho.

Hoja inayonisumbua kweli ni hii: kwamba kukosekana kwa sura ndiyo ukweli wenyewe, maana waliotupwa kutoka Zong hawakuandikwa majina, na mchoraji hana haki ya kuwabunia nyuso. Ni hoja safi. Lakini habari za Zong zilimfikia Granville Sharp, mpinga utumwa wa London, kupitia Olaudah Equiano, Mwafrika ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kuvushwa bahari akiwa mtumwa, na mwaka 1789 akachapisha kitabu cha maisha yake. Turner alipoishika brashi, kitabu hicho kilikuwa na miaka hamsini. Sauti zilikuwepo, na njia ya kuwachora waliokufa kama watu ilikuwa imeshaonyeshwa Paris.

Mnaoutetea mchoro huu kama kazi ya ukombozi, naomba mjibu hapo kwanza, kabla ya kutueleza uzuri wa rangi zake.