Enzi ya barafu: Dar nako theluji ilianguka? Na Unguja watu walienda kwa miguu?

MamaHamisi_Tabata
Habari za jioni wakuu. Mwanangu yuko kidato cha pili, jana kaja na swali limenishinda. Kafundishwa kwamba zamani dunia ilipoa, Ulaya ya kaskazini ikafunikwa na barafu. Anauliza, sasa huku kwetu ilikuwaje? Theluji ilianguka Kariakoo? Baba yake naye, badala ya kusaidia, kaongezea eti enzi hizo mtu alitoka bara hadi Unguja kwa miguu. Ni kweli au ni stori za kijiweni?

Chogo_wa_Mwenge
Kwa miguu tena? Nauli ya boti tungekula chipsi. Ngoja waje wenye elimu zao.

FundiVisima_Kgmb
Dada, mzee yuko sahihi, mpe haki yake. Mimi si profesa, nachimba visima Kigamboni na Mbagala. Ila ukiwa unapitisha mchanga, mara mfinyanzi, mara mashine inalia vingine na kutoa unga mweupe wenye vipande vya matumbawe, na bahari iko mbali, lazima utajiuliza. Ndipo nikaanza kusoma.

Kariakoo theluji haikuanguka. Miaka kama 20,000 iliyopita, baridi ilipofikia kilele, hata Ziwa Tanganyika lilipoa nyuzi kama 4 tu kuliko sasa. Kwa Dar hiyo ni sweta usiku wa Julai, basi. Barafu yetu ilikuwa milimani: Kilimanjaro ilishuka chini sana kuliko hiki kidogo kilichobaki.

Kilichotupata sisi ni ukame na bahari kukimbia. Maji yaliyopanda kama mvuke yaliangukia Kanada na Ulaya yakiwa theluji, yakaganda huko, unene wa kilomita na zaidi. Kama kijumbe wa mchezo anayepokea michango wala hatoi. Bahari ikashuka mita kama 120. Sasa mkondo wa kati ya Bagamoyo na Unguja, sehemu kubwa haufiki hata mita 50. Piga hesabu mwenyewe. Pango la Kuumbi kule Jambiani wamechimbua mifupa ya punda milia na nyati. Hao hawakupanda jahazi.

Na yale majabali ya Coco Beach mnayokalia kula mihogo ni matumbawe. Wanajiolojia huyahusisha na kipindi cha joto cha miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maana yake maji yamepanda na kushuka zaidi ya mara moja.

Mtoto_wa_Wete
Fundi, Unguja tumekuelewa. Pemba je?

FundiVisima_Kgmb
Pemba mlibaki kisiwa, sheikh. Mkondo wenu una kina cha mamia ya mita, kushuka mita 120 hakukuugusa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na Pemba hakuna, ila mna popo wenu mkubwa asiyepatikana pengine popote.

Halafu mtoto aelewe kwamba hiyo ni baridi ya juzi tu. Kuna ile kubwa ya miaka milioni 34 iliyopita, hewa ukaa ilipopungua angani na Antaktika ikaanza kufunikwa na barafu. Hili linanifurahisha mimi mtu wa mashine, kwa sababu ushahidi wake mzuri umetoka kwetu, kwenye mfinyanzi wa karibu na Kilwa. Wanasayansi walichoronga pale miaka ya 2000, wakatoa magamba ya vijidudu vya baharini, foraminifera, madogo kama chembe ya mchanga. Mfinyanzi umeyahifadhi hadi bado yanang'aa kama kioo. Mmoja anaitwa Hantkenina, ana miiba. Ukipanda na tabaka unamwona, unamwona, kisha hayupo tena. Kutoweka kwake ndiko kunakotumika dunia nzima kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini, vipindi viwili vya historia ya dunia vinavyopakana hapo. Yaani kiumbe mdogo kama chembe ya mchanga ndiye kawekwa kuwa bikoni ya kiwanja cha dunia nzima!

MamaHamisi_Tabata
Ahsante sana fundi. Mwanangu kachukua daftari anaandika. Anauliza huo ukame ulikuwa mkali kiasi gani?

FundiVisima_Kgmb
Ziwa Victoria lilikauka. Lote. Chini yake wamekuta udongo uliowahi kuota majani, na maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita. Misitu ya nyanda za chini nayo ilipungua. Usambara na Uluguru ziliendelea kupata unyevu wa bahari, ndiyo maana huko kuna mimea na vyura wasiopatikana kwingine.

Msukuma_Mabibo
Likauke lote? Sangara wakaenda wapi?

FundiVisima_Kgmb
Sangara hakuwepo mkuu, kaletwa miaka ya 1950. Uliza habari za furu. Hao ndio wenyeji, na waliponea kwenye mito na mabwawa ya jirani. Ziwa lilipojaa wakarudi, wakagawanyika aina kwa mamia. Kisha akaja huyo sangara wako akawala wengi wao.